Mfuko Mmoja, Wahitaji Watatu: Singer, Scanlon au Falsafa ya Utu?

Tuseme kuna chama cha kusaidiana katika mtaa mmoja wa Kisauni, Mombasa. Wanachama wake ni 40, kila mmoja huchanga shilingi 500 kwa mwezi, na baada ya kugharamia matanga na maradhi ya mwaka mzima mfuko umebakiwa na shilingi 150,000. Mwezi wa Desemba kamati inapokea maombi matatu. La kwanza ni la mwanachama ambaye mwanawe wa miaka 12 amevunjika mguu vibaya, na asipofanyiwa upasuaji wa shilingi 150,000 atachechemea maisha yake yote. La pili linatoka katika shule ya msingi iliyo jirani, yenye wanafunzi 600, ambayo inaomba kiasi hicho hicho ili ivute maji safi na kununua matangi, kwa sababu kila msimu wa mvua watoto huugua homa ya matumbo na kila mmoja wao ana hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kufariki. La tatu ni la mjane mzee aliyehamia mtaani miezi michache iliyopita, asiye na mtoto wala ndugu mjini, anayehitaji shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka, apate chakula na kodi ya chumba. Fedha haziwatoshi wote.

Mfano huu nimeubuni, lakini yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya aina hii hapa Mombasa atautambua mara moja, na atakumbuka pia jinsi mkutano unavyogawanyika. Mmoja huuliza ni wangapi watakaonufaika. Wa pili huuliza tutamweleza nini yule tutakayemnyima. Wa tatu huuliza huyu ni wa nani. Maswali hayo matatu ndiyo yanayowagawanya wanafalsafa wa maadili katika vyuo vikuu hivi leo, na nia yangu ni kuyaweka majibu yao ubavu kwa ubavu, nikiwaandikia watu wanaolazimika kuamua na ambao wangependa kujua wanasimama juu ya nini wanapoamua.

Anayetafuta nadharia ya kusimamia asitarajie kwamba wataalamu wamekwisha kuafikiana. Katika uchunguzi wa maoni ya wanafalsafa uliofanywa mwaka 2020, nadharia ya matokeo (ipimayo tendo kwa matokeo yake), nadharia ya wajibu (isemayo kwamba yapo yaliyo wajibu au marufuku hata matokeo yaweje) na nadharia ya tabia njema (iulizayo mtu awe na tabia gani) kila moja iliungwa mkono na takriban thuluthi moja ya waliojibu, wala hakuna iliyofikia nusu. Haifuati kwamba majibu yote ni sawa. Linalofuata ni kwamba anayechagua hana budi kuzipima sababu mwenyewe, kwa kuwa hakuna wingi wa wataalamu wa kumtegemeza. Nadharia ya tabia njema, iliyopata uhai mpya baada ya makala ya mwanafalsafa Elizabeth Anscombe ya mwaka 1958, nitaiweka kando. Siidharau hata kidogo, ila yenyewe humlea mtu kabla hajaketi mezani, na kamati yetu imekwisha kuketi.

Majibu matatu

Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa kutoka Australia, alichapisha makala fupi kuhusu wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kanuni yake inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: ukiwa na uwezo wa kuzuia jambo baya lisitokee bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, ni wajibu wako kulizuia. Apitaye kando ya kidimbwi akamwona mtoto anazama hana udhuru wa kusema kwamba nguo zake zitaingia matope, na Singer anashikilia kwamba udhuru huo hauwi mzuri zaidi kwa sababu mtoto yuko maili elfu kadhaa, wala kwa sababu wapo wengine wengi wawezao kumwokoa. Kutokana na mawazo hayo likazaliwa vuguvugu zima; mwaka 2009 Toby Ord na William MacAskill walianzisha huko Oxford jumuiya ya Giving What We Can, ambayo wanachama wake huahidi kutoa angalau asilimia 10 ya mapato yao. Kwa msomaji wa Mombasa ahadi kama hiyo si ngeni, kwani Muislamu hutoa zaka ya asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, na Wakristo wengi hutoa fungu la kumi. Tofauti kubwa iko katika pale mali inapoelekezwa. Zaka imetengewa mafungu manane ya wanaostahiki, ilhali mfuasi wa Singer hatengi fungu lolote kabla ya kuhesabu, bali huipeleka shilingi yake pale itakapozuia mateso mengi zaidi.

Jibu la pili ni la T. M. Scanlon, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard na kulitanguliza katika makala ya mwaka 1982 na kulifafanua katika kitabu cha mwaka 1998 kuhusu yale tunayowiwa sisi kwa sisi. Kwake yeye, tendo ni baya iwapo linakatazwa na kanuni ambazo hakuna mtu angeweza kuzikataa kwa sababu za haki, endapo watu wote wangekuwa wanatafuta kanuni za kuishi pamoja bila kulazimishana. Kipimo hiki kinamtaka mwamuzi ajiweke mbele ya kila mtu mmoja mmoja atakayeguswa na uamuzi na kumuuliza una lalamiko gani, na lalamiko lako lina uzito gani likiwekwa kando ya lalamiko la mwenzako. Hakuna mizani kubwa ambamo raha na maumivu ya watu wote hutupwa pamoja. Kuna watu wawili wawili wanaotazamana.

Jibu la tatu, falsafa ya utu, lina makao yake hapa petu. John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya aliyezaliwa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika hujitambua kwa kusema yupo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi naye yupo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliendeleza wazo hilo mwaka 1984 kwa kudai kwamba utu hupatikana hatua kwa hatua ndani ya jamii, na mtu anaweza kuukosa. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, akisema kwamba jamii ina uzito mkubwa lakini mtu ana hadhi na haki ambazo jamii haikumpa. Thaddeus Metz, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, alijaribu mwaka 2007, na tena katika kitabu cha mwaka 2022, kuyageuza mawazo haya kuwa nadharia kamili iwezayo kusimama mbele ya nadharia za Ulaya: tendo jema ni lile linaloheshimu uwezo wa kila mtu wa kushirikiana na wengine, yaani kujihesabu pamoja nao na kuwafanyia mema kwa ajili yao wenyewe. Nasi watu wa Mombasa tusisahau kwamba mshairi wetu Ahmad Nassir alitunga utenzi mzima juu ya neno hilo hilo, Utenzi wa Mtu ni Utu, uliochapishwa mwaka 1979, na kwamba Kai Kresse, msomi wa Kijerumani, aliutafiti utenzi huo pamoja na mijadala ya barazani ya Mji wa Kale katika kitabu cha mwaka 2007, akiichukulia mijadala hiyo kuwa ni falsafa kwa maana kamili ya neno. Naona fahari kwa jambo hilo, na sioni haja ya kuificha.

Idadi

Hapa ndipo mjadala ulipo mkali zaidi, na ndipo ningemshauri anayetaka kuchagua akae kwa muda mrefu.

Kwa Singer idadi ni kila kitu, au karibu kila kitu. Watoto 600 ni wengi kuliko mmoja, na hatari ya kifo kwa yeyote kati yao, ukijumlisha na siku zote za homa na masomo yaliyokosekana, huenda ikaupita uzito wa mguu mmoja. Hesabu hiyo ina nguvu, na mtu asiyeiona nguvu yake hajaitafakari. Lakini iendeleze kidogo. Feri ya Likoni imejaa abiria, na mmoja wao ameshikwa na maumivu makali ya kifua. Ili ashushwe salama, wote wengine wachelewe dakika kumi. Kila dakika kumi ni kero ndogo: mmoja atakatwa mshahara wa saa moja, mwingine atakuta samaki wamekwisha sokoni. Ukizijumlisha kero, na ukiongeza abiria kadiri upendavyo, itafika idadi ambayo jumla ya kero itauzidi uzito wa maumivu ya mtu mmoja, na mwenye kujumlisha atalazimika kusema feri isicheleweshwe. Scanlon alitoa mfano wake wa fundi aliyenasa kwenye mitambo ya televisheni, akipigwa na umeme wakati mamilioni wanatazama Kombe la Dunia, na jibu lake ndilo ambalo naamini abiria wengi wa Likoni wangetoa bila kusoma falsafa: hakuna hata mmoja kati ya hao wengi anayeweza kumkabili mgonjwa na kumwambia kwamba dakika zake kumi zina uzito kuliko maumivu yake. Na kama hakuna mmoja awezaye kusema hivyo, wingi wao hauwapi ulimi.

Scanlon akipata ushindi huo mara moja anaingia katika shida. Ngalawa mbili zimepinduka nje ya lango la Kilindini, moja ina watu watano, nyingine ina mmoja, na mashua ya uokoaji inaweza kuifikia moja tu. Tukipima mtu kwa mtu, kila mmoja anadai kitu kile kile, uhai wake, na madai yamelingana. Mwaka 1977 mwanafalsafa John Taurek aliandika makala iliyowashtua wengi, akisema kwamba katika hali kama hiyo idadi haina uzito wowote, na kwamba njia ya kumheshimu kila mtu sawasawa ni kurusha sarafu. Aliona kwamba hakuna mtu anayepata msiba wa watu watano. Kila mmoja hupata msiba wake. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado naiona kuwa ina makosa, ingawa ni vigumu kuonyesha kosa liko wapi. Jibu la Scanlon ni kwamba tukiwa na mmoja kwa mmoja, kisha akaongezeka mtu wa pili upande mmoja, na bado tukarusha sarafu kana kwamba hakuongezeka, huyo wa pili ana lalamiko la haki: kuwepo kwake hakukuhesabiwa kwa lolote. Basi lazima dai lake livunje ulinganifu. Hoja hii naikubali, ila sharti tuone kwamba inafanya kazi pale tu madhara yanapolingana au kukaribiana. Mwanafalsafa Alex Voorhoeve, katika makala ya mwaka 2014, aliipanua njia hii kwa kusema kwamba madai madogo yanaweza kujumlishwa dhidi ya dai kubwa iwapo tu si madogo mno ukiyalinganisha nalo. Dakika za abiria hazijumlishwi dhidi ya maisha, lakini ulemavu wa wengi unaweza kujumlishwa. Ni maelewano yenye busara kati ya pande mbili, nami naona kamati nyingi hufanya hivyo bila kulipa jina.

Sasa turudi kwenye matangi ya shule, kwa kuwa hapo kuna ugumu ambao haumo katika ngalawa. Mguu wa mtoto wa mwanachama unajulikana, una jina, na tumeuona. Kifo shuleni hakina jina bado. Tuseme kila mwanafunzi ana hatari ya moja kwa 600. Ukiuliza kabla ya tukio, kila mtoto ana lalamiko dogo, hatari hiyo ya moja kwa 600, na dogo hilo haliwezi kushindana na ulemavu wa hakika. Ukiuliza baada ya tukio, kuna mtoto mmoja aliyefariki, na lalamiko lake linaupita mguu kwa mbali. Mwanafalsafa Johann Frick, katika makala ya mwaka 2015, aliitetea njia ya kuuliza kabla, akisema kwamba bila hiyo hatungeweza hata kuhalalisha chanjo, kwa kuwa karibu kila chanjo ya watu wengi humdhuru mmoja asiyejulikana mapema. Wapinzani wake hujibu kwamba tunajua mapema kuwa mtoto wa mtu atazikwa, na kutolijua jina lake hakupunguzi kifo chake.

Kwa uamuzi mmoja, wa Desemba moja, nadhani Frick yuko sahihi zaidi. Lakini kamati haiamui mara moja tu. Kila mwaka kutakuwa na mguu, au jicho, au figo ya mtu tunayemjua, na kila mwaka aliye na jina atawashinda wasio na majina, mpaka miaka kumi ipite na matangi hayajajengwa, na hatari iliyokuwa ndogo kila mwaka iwe imejilimbikiza kama deni la dukani. Tukumbuke kwamba kipimo cha Scanlon huuliza kanuni, si tendo moja moja. Kanuni isemayo kwamba daima tumpe anayejulikana kwanza inaweza kukataliwa kwa haki na mzazi yeyote wa shule ile, hata kama uamuzi mmoja wa kumpa anayejulikana hauwezi kukataliwa. Tofauti hii naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa watu wanaosimamia mfuko, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa.

Nadharia ya utu haina mengi ya kusema hapa. Metz anajitahidi, lakini ushirika haupimwi kwa vichwa, na mtu anayetaka jibu kuhusu ngalawa mbili atalazimika kuliazima kwingine.

Ndugu, jirani na mgeni

Katika swali hili mizani inageuka, na aliyekuwa dhaifu anakuwa na nguvu. Mwanafalsafa Bernard Williams, katika miaka ya 1970, alizungumzia mtu anayeweza kumwokoa mmoja tu kati ya wawili walio hatarini, na mmoja wao ni mkewe. Wanafalsafa walikuwa wakitafuta kanuni ya kumruhusu. Williams akasema kwamba mume anayemwokoa mkewe baada ya kufikiri kuwa huyu ni mke wangu, na katika hali kama hii maadili yanaruhusu kumwokoa mke, amefikiri wazo moja zaidi ya linalohitajika. Singer anaweza kujibu kwamba dunia ambamo watu huwapenda walio karibu nao huwa na mateso machache kwa jumla, na pengine ni kweli, lakini jibu hilo ndilo hasa lile wazo la ziada. Scanlon yuko katikati: ahadi na undugu ni sababu halali, na mwanachama aliyechanga miaka minane ana lalamiko ambalo mtu asiyechanga hana.

Falsafa ya utu haihitaji kujieleza sana katika jambo hili. Mtu ni watu. Mwanachama ambaye mwanawe ameumia amekuja katika matanga yetu, amebeba majeneza yetu, na kumwacha leo ni kuukata uzi uliotushona. Nani Mombasa asiyelihisi hilo?

Hata hivyo ni hapa hapa ambapo nadharia hii inaweza kudhuru, na ninayeandika haya ninaipenda. Mjane wetu hana aliyebeba jeneza naye. Swali la huyu ni wa nani likiulizwa juu yake halina jibu, na katika vyama vingi kimya hicho ndicho hukumu. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee huyu hawezi kulishika jembe, basi je, siku ya nne tumfanyeje? Nikifuata Menkiti kwa ukali, ambaye kwake utu ni daraja ipatikanayo kwa kushiriki, nina hofu kwamba asiyeshiriki atapimwa kuwa pungufu. Nikimfuata Metz, kinachoheshimiwa si uhusiano uliokwisha kuwepo bali uwezo wa kuhusiana, na mjane anao uwezo huo sawa na mwenyekiti wa chama. Tofauti ya wasomi hao wawili yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mama yule ni chakula cha mwaka mzima.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alitoa jibu ambalo ningependa lisomwe zaidi Pwani. Alidai kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini, yaani usalama wa mwili, afya na riziki, na kwamba bila kiwango hicho mtu hawezi kuzitumia haki nyingine wala kutimiza wajibu wowote. Kwa hiyo msaada unaomfikisha mtu hapo haupaswi kuitwa hisani. Yeye alikuwa akizungumzia misaada kati ya mataifa tajiri na maskini, lakini hoja yake inaingia katika chumba cha mjane bila kuinama. Nayo inakaa vizuri pamoja na Scanlon, kwa kuwa asiye na chakula ana lalamiko ambalo ni vigumu sana kupata jingine lililo kubwa kuliko hilo.

Ushahidi

Wafuasi wa Singer wana jambo moja ambalo wengine wanapaswa kuwaiga: hawaridhiki na nia njema, hutaka kujua kilichofanya kazi. Kenya imekuwa uwanja wao mkubwa. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walitafiti dawa za minyoo katika shule 75 huko Busia, wakachapisha matokeo mwaka 2004 kwamba utoro wa wanafunzi ulipungua kwa kiasi cha robo, na mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za aina hiyo. Mwaka 2015 watafiti wengine waliipitia upya takwimu ile na kukazuka ubishi mkubwa juu ya ukubwa halisi wa faida. Anayechagua nadharia ya matokeo ajue kwamba anachagua pia ubishi huo, kwa sababu hesabu yake haiwezi kuwa na nguvu kuliko tarakimu zilizoingia ndani yake.

Ajue pia kwamba hesabu hiyo haina mahali inapojizuia yenyewe. MacAskill, katika kitabu cha mwaka 2022, anaipeleka kwa vizazi visivyozaliwa bado, ambao idadi yao inaweza kuwa kubwa kiasi cha kuwafunika walio hai. Ni hoja inayostahili kujibiwa kwa uangalifu, lakini kamati ya Kisauni inayogawa shilingi 150,000 haitapata ndani yake mwongozo wowote wa Desemba.

Kuchagua

Nimefika mahali pa kusema ninalolichagua mwenyewe, na sababu yake inatokana na neno amana. Fedha za mfuko si za kamati. Zimewekwa mikononi mwao na watu 40, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuifanyia wema wake binafsi, hata uwe wema mkubwa namna gani; analo jukumu la kutoa sababu kwa kila aliyechanga na kwa kila atakayenyimwa. Hiyo ni kazi ya Scanlon. Kwa hiyo anayesimamia mali ya pamoja, iwe ni chama, wakfu, kamati ya shule au mchango wa harusi, ningemwambia aanze na Scanlon, avumilie ugumu wa uandishi wake, na amsome pamoja na Taurek na Frick ili ajue mahali nadharia inapovuja.

Singer simkatai. Naona amesomwa vibaya na wale wanaomwona kuwa ni mshauri wa wagawaji. Kidimbwi chake kina mtu mmoja, na nguo zinazoingia matope ni zake mwenyewe. Hoja yake inaugusa mfuko wa suruali yangu, ile ziada yangu niliyoizoea hata sikuiona kuwa ni ziada, na hapo sijawahi kupata jibu la kumshinda. Mwanafalsafa Susan Wolf, mwaka 1982, alieleza vizuri kwamba maisha ya mtu aliyejitoa kikamilifu kwa wengine yanaweza kukosa mengi yaliyo mema, na nakubaliana naye, lakini umbali kati yangu na ukamilifu huo ni mkubwa kiasi kwamba siwezi kuitumia hoja yake kujitetea. Anayechagua kwa ajili ya mali yake binafsi, basi, aanze na makala ile ya mwaka 1972, ambayo haizidi kurasa chache na haihitaji mwalimu.

Na falsafa ya utu ningeichagua kama lugha ya kikao, kwa sharti kwamba iwe ile ya Metz au ya Gyekye, isiyomdai mtu ukoo kabla ya kumheshimu. Wanachama watasikilizana kwa neno utu haraka kuliko kwa neno lolote lililotoka Harvard.

Kwa maombi yetu matatu, ningepiga kura hivi. Shilingi 48,000 ziende kwa mjane, kwa sababu lalamiko lake ndilo zito kuliko yote na hana mlango mwingine wa kubisha. Shilingi 102,000 zilizobaki ziende kwenye upasuaji, na pengo la 48,000 lizibwe na mifuko yetu wenyewe, 1,200 kwa kila mwanachama, ambazo ni kiasi cha kumfanya Singer aulize kwa nini tulihitaji kuambiwa. Kisha, ili wasio na majina wasishindwe milele, kanuni ya chama ibadilishwe hapo hapo kikaoni, na shilingi 150 katika kila mchango wa 500 zitengwe kwa ajili ya maji ya shule na zisiguswe kwa dharura yoyote. Hizo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na matangi yatakamilika baada ya miezi 25. Ningetaka pia mmoja wetu tuliopiga kura hiyo aende shuleni siku ya mkutano wa wazazi, awaeleze kwa nini ni miezi 25, na abaki pale hadi waishe kumuuliza.